Kriketi Isiyo na Mkoa

Makonda wa daladala Dodoma mjini wanaliimba jina la Jamatini kutwa nzima, na abiria wanapanda na kushuka bila kuuliza limetoka wapi. Linatokana na jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia. Mji huu huu una kata inayoitwa Madukani, na huko nako huhitaji kuambiwa nani walikuwa na maduka. Majina yamebaki, wenyewe wengi wameondoka. Mimi nimekaa hapa miaka ya kutosha kulizoea jina la Jamatini kama nilivyozoea vumbi la Agosti, na pengine nisingelifikiria kabisa kama nisingeanza kufuatilia jambo lisilohusiana na daladala hata kidogo: kriketi.

Swali lililonisumbua ni dogo. Ukimwuliza mtu wa Dodoma kuhusu timu ya mpira ya mji wake, atakutajia Dodoma Jiji kabla hujamaliza sentensi. Muulize timu ya kriketi ya mkoa wake. Nimewauliza kadhaa: walimu, madereva wa bodaboda, mawakili, hata mheshimiwa mmoja kwenye korido za Bunge. Wengi walicheka. Mmoja akaniambia, "Kriketi? Hiyo si ya Wahindi?"

Hapo ndipo pa kuanzia. Kwa sababu yule bwana, pamoja na kicheko chake, alikuwa amesema historia nzima kwa maneno manne. Kwake kriketi ilikuwa na jamii, haikuwa na mahali. Na hoja yangu katika makala hii ni hiyo: kriketi yetu haikukosa wachezaji, wala haikukosa miaka. Ilikosa mkoa.

Tuanze na reli. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Vituo vyake vikubwa, Morogoro, Dodoma, Tabora, vikawa miji ya serikali na biashara. Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha na Mwingereza akaichukua Tanganyika, kukawa na makundi mawili ya watu waliopenda mchezo mmoja, ingawa kwa muda mrefu hawakuucheza kama timu moja: watawala wa Kiingereza na wafanyabiashara na makarani wenye asili ya India. Mpira wa miguu uliruka ukuta na kuingia kwa wananchi. Kriketi ilibaki upande wa pili wa ukuta.

Kwa nini? Jibu la haraka ni gharama: gongo, pedi, glovu, uwanja uliosawazishwa. Ni kweli, lakini si kweli yote. India ni nchi ya maskini wengi na kriketi imeingia mpaka vichochoroni. Tukitaka kuelewa, tuangalie jinsi timu zilivyoundwa. Timu ni ya nani?

Pale Bombay, mashindano makubwa ya kriketi yalianza mwishoni mwa karne ya 19 kama mechi kati ya Wazungu na Waparsi. Mwaka 1907 wakaongezwa Wahindu, mwaka 1912 Waislamu. Mwaka 1937 ikaingia timu ya tano, na jina lake kwa tafsiri ya moja kwa moja ni Waliobaki: Wakristo wa Kihindi, Wayahudi na wengine wasiokuwa na pa kukaa. Yaani ulikwenda uwanjani kushangilia dini yako. Mwaka 1940 Gandhi alitamka wazi kwamba hakubaliani na mechi za namna hiyo, na mwaka 1946 mashindano yakafa. Lakini mbadala wake ulikuwa umeshazaliwa tangu 1934: Kombe la Ranji, ambalo timu zake zilikuwa za majimbo na miji.

Kuna mtu mmoja anayebeba kisa chote hiki mabegani mwake. Vijay Hazare alikuwa Mkristo, kwa hiyo aliwachezea Waliobaki. Katika fainali ya msimu wa 1943/44 dhidi ya Wahindu alipiga mikimbio 309 katika jumla ya 387 ya timu yake nzima. Leo mashindano ya ova chache ya majimbo ya India yanaitwa kwa jina lake, Vijay Hazare Trophy. Mtu aliyepangwa kwenye kapu la wasio na kwao amekuwa jina la mashindano ambayo kila mchezaji anakuja nayo akitokea kwao.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya msomaji ambaye kriketi kwake ni watu waliovaa nyeupe wakisimama juani bila sababu. Ova moja ni mipira sita. Mechi ya zamani ilikula siku tatu, nne, hata tano. Mechi ya ova chache inaipa kila timu idadi maalumu, siku hizi 50 au 20. Zikiisha zimeisha, na timu ya pili inaingia kuifukuza hesabu ya ya kwanza. Waingereza waliirasimisha mwaka 1963 kwa Kombe la Gillette kati ya timu za kaunti zao, wakati huo kila timu ikipewa ova 65, na Sussex ikawa bingwa wa kwanza. Viwanja vilikuwa vinakauka watazamaji, na mtu wa kazi hana siku tatu za kukaa kiwanjani. Angalia vitu viwili vilivyokutana hapo: siku moja ambayo mtu wa kawaida anaweza kuitenga, na timu yenye jina la mahali anapoishi. Ukiwa na vyote viwili, mchezo unapata watu.

Afrika Mashariki ilifuata njia ya Bombay. Kenya ilikuwa na mechi maarufu ya Maofisa dhidi ya Walowezi tangu 1910, na baadaye Wazungu dhidi ya Waasia. Vilabu vya Nairobi vilijitangaza kwa majina yao: Aga Khan, Sikh Union, Goan Institute, Patel Brotherhood, Sir Ali Muslim Club. Dar es Salaam nako kulikuwa na Gymkhana na Aga Khan, na hadi leo moja ya viwanja vikuu vya kriketi jijini ni Annadil Burhani, wa jamaa wa Kibohora. Sisemi haya kwa kulaumu. Vilabu hivyo ndivyo vilivyolipia nyasi, magongo na chai ya saa kumi kwa miaka ambayo hakuna mwingine aliyejali. Bila wao nisingekuwa na cha kuandika.

Lakini hata wakati ule kulikuwa na walioona mwisho wa njia. Mwaka 1958 ilikuja Afrika Mashariki timu kutoka Afrika Kusini, ya wachezaji waliokatazwa na ubaguzi kuichezea nchi yao, nahodha wao akiwa Basil D'Oliveira. Kwao pia chama chao kilikuwa kimezoea kuendesha mashindano kwa makundi: Waafrika peke yao, Wahindi peke yao, Machotara peke yao, Wamalay peke yao. Ilikuwa katika kipindi hicho hicho ndipo walipoanza kuvunja timu za rangi na kupanga timu za majimbo. Watu walionyimwa nchi waliona kwamba hatua ya kwanza ya kuidai ni kujiita kwa jina la mahali.

Sasa twende 1975, mwaka wa Kombe la Dunia la kwanza, Uingereza, ova 60 kwa kila upande. Kati ya timu nane ilikuwepo moja iliyoitwa Afrika Mashariki, mchanganyiko wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Watanzania walikuwa wawili, Praful Mehta na Shiraz Sumar. Juni 7, pale Edgbaston, New Zealand walipiga 309 kwa wiketi 5, Glenn Turner peke yake akipata 171 bila kutolewa. Afrika Mashariki wakajibu 128 kwa wiketi 8. Siku nne baadaye India waliwatoa wote kwa 120 na kuzifikia bila kupoteza wiketi. England wakamalizia: 290 kwa 94. Mechi tatu, vipigo vitatu, kwaheri.

Wapenzi wa fasihi mtalitambua jina moja kwenye kikosi kile: John Nagenda. Ndiyo, huyo huyo wa Makerere, mhariri wa Penpoint, aliyekuja kuandika riwaya ya The Seasons of Thomas Tebo mwaka 1986 na kuwa mshauri wa Rais Museveni kwa miaka mingi, hadi kifo chake 2023. Alicheza mechi ile ya New Zealand akiwa na miaka 37 na kupata wiketi moja. Yeye na Sam Walusimbi, Waganda wote wawili, ndio pekee waliokuwa Waafrika weusi katika timu iliyobeba jina la nusu ya bara.

Ninapoisoma orodha ile huwa najiuliza: timu hii ilikuwa na nani nyuma yake? Nani wa Tabora au Singida alikuwa na sababu ya kukesha na redio? Ilikuwa timu ya nchi nne bila kuwa na kijiji hata kimoja kilichosema "huyu wetu". Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Kenya ikajitoa kwenye timu ya pamoja na kujiunga na chama cha dunia kivyake mwaka 1981. Tanzania ilipata uanachama wake yenyewe mwaka 2001 tu.

Na kabla hata ya 1975 nyumba ilikuwa imeshaanza kuhamwa. Aprili 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Dhamira yake ilitokana na Azimio la Arusha, na mpangaji maskini alikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mwenye jumba la ghorofa moja pale mjini, ambaye chini alikuwa na duka na juu akiishi, aliisoma sheria ile kama tiketi ya ndege. Mwaka uliofuata Amin akawafukuza Waasia Uganda, na waliokuwa wakisitasita huku kwetu nao wakafunga mizigo: Canada, Uingereza. Miji ya Reli ya Kati ilipungukiwa na wenye maduka. Mchezo uliokuwa mali ya jamii ulifungasha pamoja na jamii. Ingekuwa mali ya mkoa, angalau mkoa ungebaki.

Fikiria mpira wa miguu. Mzee yeyote wa rika la baba yangu anaweza kukuhadithia Kombe la Taifa, mashindano ya timu za mikoa. Sisi wa umri wangu tuliliona lilipofufuliwa likaitwa Kili Taifa Cup, mwishoni mwa miaka ya 2000. Halikuwa na utajiri wa ligi, lakini lilifanya jambo ambalo Simba na Yanga haziwezi: liliwapa watu wa Lindi au Singida siku moja ya kushangilia Lindi au Singida. Mashuleni kuna UMITASHUMTA na UMISSETA, ambako mtoto anatoka wilayani kwake, anavaa jezi yenye jina la mkoa, anasafiri, analala bweni la shule ya ugenini, anarudi akiwa mtu mwingine. Ndiyo maana mpira wetu ulinusurika misukosuko yote. Ulikuwa na ngazi, na kila kipandio kilikuwa na jina la mahali.

Majirani walijaribu ngazi kama hiyo kwenye kriketi, wakachelewa. Kenya iliwafunga West Indies kwenye Kombe la Dunia 1996, ikafika nusu fainali 2003, dunia ikasimama kuangalia. Lakini nguvu yake ilitegemea vilabu vichache vya Nairobi, na kizazi kile kilipozeeka hapakuwa na kingine nyuma yake. Mwaka 2011 ndipo Kenya na Uganda zikaanzisha mashindano ya pamoja ya ova 20 na ova 50 yenye timu sita: Coast Pekee, Rift Valley Rhinos, Nairobi Buffaloes na Kongonis kutoka Kenya, Nile Knights na Rwenzori Warriors kutoka Uganda. Yasikilize majina: pwani, bonde, mto, mlima. Wazo lilikuwa zuri, ila liliwekwa juu kama paa kabla ya kuta, na halikudumu. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi yake ya mechi za kimataifa za siku moja. Tanzania haikuwemo hata kwenye jaribio hilo.

Sisi tulikuwa tumepata somo letu wenyewe, mlangoni kwetu, miaka mitatu kabla. Oktoba 2008 Dar es Salaam iliandaa mashindano ya dunia ya daraja la nne. Walikuja Hong Kong, Italia, Jersey, Fiji na Afghanistan. Hao wa mwisho wengi wao walikuwa wamejifunzia kriketi kwenye kambi za wakimbizi Pakistan. Miezi michache nyuma walikuwa daraja la tano. Wakatwaa ubingwa hapa hapa. Mwaka 2010 wakacheza Kombe la Dunia la ova 20, mwaka 2015 Kombe la Dunia lenyewe, na mwaka 2017 wakaingizwa katika kundi dogo la nchi zinazocheza mechi za siku tano.

Wengi husimulia habari hiyo kama muujiza wa vipaji. Mimi kinachonivutia ni walichokijenga nyumbani. Afghanistan ina mashindano ya ova 50 ya kanda, yaliyopewa jina la Ghazi Amanullah Khan, mfalme aliyeongoza uhuru wao wa 1919, na tangu 2017 yanatambuliwa rasmi kimataifa. Timu zake za mwanzo zilikuwa tano: Speen Ghar, Amo, Boost, Band-e-Amir na Mis Ainak. Speen Ghar ni safu ya milima ya mashariki. Amo ni mto wa kaskazini. Band-e-Amir ni maziwa ya Bamiyan. Boost ni mji wa kale wa Helmand, na Mis Ainak ni magofu juu ya hazina ya shaba. Nchi iliyochinjana kwa makabila, Wapashtuni, Watajiki, Wahazara, Wauzbeki, ilipokaa kuzipa timu zake majina haikuchagua hata kabila moja. Ilichagua milima, mto, maziwa na magofu. Vitu ambavyo hakuna anayezaliwa navyo na hakuna anayeweza kunyimwa.

Najua atakayesema kwamba hata mkoa unaweza kuwa kabila lililovaa suti. Ni kweli, tumewahi kusikia lugha hiyo. Lakini tazama Dodoma ya leo. Tangu TANU iamue mwaka 1973 kuufanya mji huu makao makuu, na hasa tangu serikali ihamie kweli kweli, hapa kuna Wagogo wenyeji, Warangi, Wanyaturu, Wachaga wenye maduka, Wahaya maofisini, Wasukuma sokoni, na familia chache za Kihindi zilizobaki, ambazo watoto wao wanaongea Kiswahili cha hapa hapa. Hakuna jina la jamii linaloweza kuwabeba wote. Jina la mahali linaweza. Timu ya kriketi inayoitwa Hombolo, kwa jina la bwawa letu, haimwulizi mtoto babu yake alikuja na reli au na ng'ombe. Singida wangeweza kuwa na Singidani, ziwa lao. Manyoni wangechukua Itigi, kwa vichaka vyake ambavyo hata tembo anafikiria mara mbili kuviingia. Ardhi ya tambarare haijatuishia, na mvua zetu ni za miezi michache. Mchezo unaoharibiwa na mvua ungependa kukaa hapa kuliko Dar.

Hili si ndoto ya mchana. Mwaka 2025 vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la umri wao, la 2026, wakapangwa kundi moja na West Indies, Afrika Kusini na, kwa mzaha wa historia, Afghanistan. Mabinti zetu wa timu ya taifa nao wamekuwa wakitisha Afrika Mashariki kwa miaka kadhaa. Vipaji vipo, na ukuta ule wa zamani umeshabomoka kwa sehemu kubwa; majina yaliyo kwenye vikosi hivyo ni ya Watanzania wa kila namna. Kilichobaki ni kipandio cha katikati, kile kinachomtoa mtoto wa Bahi au Ikungi shuleni kwake na kumpa jezi kabla hajalazimika kuhamia Dar es Salaam kwa mjomba ili aonekane.

Hakihitaji uwanja wa mabilioni. Kinahitaji timu nne za Kanda ya Kati, ova 20 kila upande, wikiendi mbili wakati shule zimefungwa, na mwandishi mmoja wa kutangaza matokeo. Wa mwisho huyo tayari mnaye.